Naomba ushauri: tovuti ya mashabiki wa Nabwana inanielemea

Habari zenu ndugu zangu, niko Kampala, naendesha katovuti ka mashabiki wa Nabwana I.G.G., yule dairekta wa Wakaliga, mtaa wa hapa Kampala, aliyekuwa anafyatua matofali kabla ya kuanza kutengeneza filamu za mapigano. Si tovuti rasmi, nimeandika hivyo juu kabisa kwa herufi kubwa ila watu hawasomi, natumiwa meseji "dairekta nipe nafasi hata nicheze maiti", mwingine kaleta picha kashika bunduki ya mbao. Niwajibuje bila kuwavunja moyo?

Kinachoniumiza kichwa zaidi, wageni wanataka ile filamu yake Who Killed Captain Alex? ya 2010 bila sauti ya VJ Emmie (VJ ni yule anayesimulia na kutania juu ya filamu inapoendelea), nawaeleza haipo, faili za mwanzo zilifutwa kompyuta ipate nafasi ya kazi nyingine, iliyobaki ni yenye VJ tu, wanadhani nawabania. (Mimi naona bila VJ utamu umeisha, basi tu.)

Halafu posta na vipande vya video, nikiweka sekunde chache nikamtaja mwenyewe inatosha au niombe ruhusa kwa maandishi? Sheria ya hakimiliki ya 2006 tunayo ila kuisoma peke yangu napata kizunguzungu.

Na ada ya domeni na hostingi ndiyo hiyo inakuja, mfukoni hamna kitu. Kuna watu wa kubeti wanataka kuweka tangazo, pesa nzuri kweli, lakini watoto wa shule wanaingia humo sana. Nichukue, au niweke namba ya mobaili mani mashabiki wachange? Mwenye uzoefu anisaidie jamani.