Mrejesho: tumeshahamia Mtwara, tumeangukia Ligula

Habarini wakuu, kimya kimekuwa kirefu, kuhama na watoto sio mchezo. Niliuliza humu tukae wapi hapa Mtwara kati ya Shangani, Mikindani na Naliendele, tuna watoto wawili wadogo.

Shangani pazuri, kumetulia, upepo wa bahari, ila kodi zao duh, na wenye nyumba tulioongea nao wanataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mikindani waifu aliipenda mno, yale majengo ya kale na bahari ilivyoingia ndani, lakini ni kama kilomita 10 kutoka mjini na huyu mdogo ana pumu, sasa akibanwa saa nane usiku nianze kutafuta bajaji? Huku Ligula tulikoangukia, mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo hapo hapo, hilo ndo lilimaliza ubishi ndani ya nyumba. Aliyesema Naliendele pazuri kwa kujenga namuunga mkono, mikorosho kibao na nafasi ipo, ila kupanga kule wakati kazi iko mjini hapana.

Chekechea tumepata ya kutembea kwa mguu. Kilichobaki ni simtanki, mwenye nyumba anatuzungusha tu, anayejua fundi mzuri wa kuchomea stendi yake anishtue.