Nimelipia bia, nimepewa povu: wenye baa za drafti Dar, mmetuzoea vibaya

Wakuu, heshima kwenu. Leo povu ruksa, maana na mimi povu ndilo nililouziwa.

Jumamosi tulikuwa wanne kwenye baa moja pande za Sinza. Jina nalihifadhi, uzi usije ukafutwa. Mechi haijaanza, kitimoto iko jikoni, koo kavu. Dada wa huduma akaja, nikaagiza Safari baridi, wawili wakataka Kilimanjaro baridi, na mzee tuliyekuwa naye, ambaye koo lake haliivumilii baridi, akaomba Safari ya moto kama kawaida yake. Dada akajibu, "Samahani kaka, za chupa leo zimeisha. Zipo drafti na za kopo."

Sawa, bia kuisha ni jambo la kawaida. Ila mimi nilikaa nimeelekea kaunta, na nyuma ya kaunta kreti zilikuwa zimepandana mpaka usawa wa dirisha. Nikamuuliza, na zile? "Zile tupu, kaka." Chupa tupu zenye vizibo, wakuu! Tangu nianze kunywa bia sijawahi kuona chupa tupu iliyozibwa upya.

Kwa wasiotumia kilevi, drafti ninayoizungumzia si ile ya kusukuma kete chini ya mwembe. Ni bia inayokaa kwenye pipa la chuma, inasukumwa na gesi, inapita kwenye mpira mpaka kwenye bomba la kaunta, halafu inamiminwa kwenye magi. Bei za pale ziko ukutani: chupa ya nusu lita 2,500, magi "ya nusu lita" 3,000, kopo 3,500. Hiyo "ya nusu lita" ishikeni, tutairudia.

Mzee akaambiwa drafti haina ya moto. Akauliza kopo ambalo halijaingia friji, akaambiwa yote yako ndani ya friji tangu asubuhi. Mtu mzima, kaja na hela yake, akaishia kukaa na chupa ya maji ya lita moja na nusu kama yuko msibani.

Magi tatu zikaja. Povu vidole vinne. Sisemi kwamba povu ni dhambi. Povu la vidole viwili ni halali kabisa, ndilo linaloinua harufu ya bia, na ukiona bia haina povu kabisa anza kulitilia shaka hilo glasi, huenda lina mafuta au sabuni. Lakini vidole vinne si povu tena, ni shuka. Tukasubiri lishuke. Lilipotulia, bia ikawa imekaa huko chini kama maji ya kisima mwezi wa kiangazi.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mzee alikuwa amemaliza maji yake. Nikaagiza magi ya nne, nikasubiri povu lake nalo lishuke, halafu mbele ya macho ya watu nikaanza kumimina magi zote nne ndani ya ile chupa ya lita moja na nusu. Nusu lita mara nne ni lita mbili, si ndiyo? Ilitakiwa chupa ijae na magi nzima ibaki mezani. Wakuu, zote nne ziliingia. Zote! Na shingo ya chupa ikabaki tupu. Meza ya jirani wakaanza kupiga makofi, dada akakimbia kumwita meneja.

Meneja kaja na tabasamu. "Bosi wangu, povu nalo ni sehemu ya bia." Nikamwambia sawa, basi na mimi nikulipe noti na picha ya noti, maana nayo ni sehemu ya hela. Akacheka, akaondoka, hakuongeza hata tone. (Bia ya kwenye chupa tuliigawana tukainywa. Bia haimwagwi kwa hasira.)

Sasa pigeni hesabu. Tulilipia 12,000 tukapata chini ya lita moja na nusu. Maana yake lita moja tumeuziwa zaidi ya 8,000, wakati ile ya chupa waliyotuficha lita ni 5,000. Na kwa upande wa mwenye baa: pipa la lita 50 ukimimina kwa haki linatoa magi 100. Ukimimina kwa mtindo wa yule bwana, mililita 375 kwa magi, zinatoka 133. Magi 33 za hewa, kila moja 3,000, ni 99,000 juu ya faida yake halali, kwa pipa moja tu. Toa ya kumwagika pipa linapofunguliwa, bado inabaki hela ya kulipa dada wa huduma siku kadhaa. Mnaona kwa nini chupa "zimeisha"?

Msiniambie sijui kazi ya kaunta. Nimeifanya miaka minne kwenye hoteli moja Arusha, na drafti ndiyo niliyokabidhiwa. Ikitunzwa, drafti ni bia tamu kuliko zote, hilo silipingi hata leo. Bia ya chupa hupitishwa kwenye maji ya moto kiwandani, nyuzi 60 hivi, ili ikae miezi bila kuharibika. Ya pipa mara nyingi hupitishwa kwenye joto kwa sekunde chache tu, nyingine haipashwi kabisa, ndiyo maana ladha yake iko hai. Lakini hiyo hiyo ndiyo inayoifanya iwe kama maziwa. Inataka baridi muda wote, inataka pipa liishe upesi, na ule mpira unatakiwa kusafishwa kwa dawa kali kila baada ya siku 14, bomba lenyewe unalifungua na kulipiga brashi. Usipofanya hivyo, bakteria wanajenga nyumba humo ndani. Mnywaji ataanza kusikia uchachu, kisha harufu kama ya siagi iliyokaa kabatini.

Ile yetu ilikuwa na siagi. Nikamfuata kijana wa kaunta taratibu, kiutu uzima, nikamuuliza mpira unasafishwa lini. Akasema, "Pipa likiisha tunapitisha maji ya moto, bro." Maji ya moto! Hiyo ni kuwaogesha bakteria, si kuwang'oa. Sikumlaumu, dogo hajafundishwa na mtu.

Saa mbili na nusu umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, vikarudi muziki, runinga na zile taa za rangi. Mashine ya kupoozea drafti haikurudi. Bia ikipata joto gesi haikai ndani yake, inatoka yote bombani, ndiyo maana raundi za mwisho zilikuwa kama magi za sabuni ya unga. Nikauliza, nikajibiwa jenereta ni dogo. Halibebi mashine inayotunza mzigo wa kuuza, lakini linabeba spika nne kubwa kuliko mimi.

Na hata bei yenyewe haina kichwa wala miguu. Drafti haina chupa ya kurudisha, haina kizibo, haina lebo, haina gari la kuzungusha kreti tupu. Kwa akili ya kawaida inatakiwa iwe ya bei ya chini. Majirani zetu Kenya waliligundua hilo mapema. Mwaka 2004 ilianzishwa Senator Keg, bia ya pipa ya watu wa kipato cha chini, serikali ikasamehe ushuru ili watu watoke kwenye chang'aa, ile gongo ya kwao. Mwaka 2013 msamaha ule ulipokatwa nusu, bei ikapanda na wanywaji wakakimbia. Kule bia ya pipa ni ya mtu wa mkokoteni. Hapa kwetu wameifunga bomba linalong'aa, wameweka taa ya buluu chini yake, wanatuuzia kama tumekwenda harusini.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni bili. Wote mnajua utaratibu wetu. Chupa inaletwa mezani imefungwa. Dada anaweka opena juu ya kizibo, anakuangalia, "Nifungue?" Unagusa kama ni ya baridi, unasoma tarehe, mwenye wasiwasi anaskani stempu ya kodi kwa programu ya Mamlaka ya Mapato (TRA), Hakiki Stempu, halafu ndipo unasema fungua. Ile "nifungue" ndiyo mkataba wetu. Kile kizibo cha bati, ambacho siku hizi kina meno 21 (hesabuni, ni 21), kimebuniwa na Mmarekani anaitwa William Painter mwaka 1892 na mpaka leo sijaona mhudumu anayeweza kukidanganya. Nusu lita iliyoandikwa kwenye lebo ni nusu lita, awe meneja ana shida ya ada au hana.

Ukimaliza, chupa tupu inabaki. Inakaa chini ya meza au pembeni, na saa ya kulipa mnainama mnahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, hakuna ugomvi. Hata mlevi anajua kuhesabu chupa zake. Drafti inaua ushahidi. Ukimaliza magi inabebwa, inaoshwa, inarudi kwa mtu mwingine. Sisi kwa hesabu yetu tulikunywa 14. Bili ikaja 17, imeandikwa kwa peni kwenye kikaratasi cha daftari, mashine ya risiti "imegoma tangu jana". Tutabisha kwa kutumia nini? Mzee ambaye hakunywa hata moja akasema 14, meneja akasema mzee amesahau. Mtu aliyekunywa maji jioni nzima ndiye aliyesahau!

Tulilipa 17, kwa sababu ilikuwa saa tano na mabaunsa walishaanza kusogea.

Kopo sina ugomvi nalo sana. Jamaa yangu fundi magari hataki kuligusa, anasema linanukia bati. Si kweli, ndani limepakwa utando, bia haigusi bati. Anachonusa ni kile kifuniko kilicho chini ya pua yake, amimine kwenye glasi aone. Kopo mwanga hauingii hata kidogo, linapoa haraka, na unafunguliwa mbele yako kama chupa. Ubaya wake linapata joto mkononi upesi vile vile, na huwa na bei ya kuumiza. Ila kwa heshima ya mteja nalipatia alama mbili kwa moja dhidi ya drafti. Hata lenyewe lingetupatia makopo matupu ya kuhesabu.

Na wenye chupa nanyi msifurahi. Acheni kupanga kreti za chupa za kijani na nyeupe juani mbele ya duka kama mapambo. Mwanga ukiingia unaivuruga humle iliyomo, yaani lile ua linaloipa bia uchungu, na bia inatoa harufu ya mnyama. Chupa ya kahawia inajitahidi kuzuia, zile nyingine zinaingiza jua kama dirisha. Mnatuuzia hivyo halafu mnasema kiwanda kimebadilisha ladha.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mkuu uliyesema "hamia konyagi", hiyo si hoja, toti nayo inapimwa. Na wewe uliyesema mimi nimefika mjini juzi, eti Ulaya povu ndivyo lilivyo, sikia: Ujerumani glasi ya baa kwa sheria ina mstari wa kipimo, bia inatakiwa ifike kwenye mstari, povu likae juu yake. Na pamoja na mstari huo, Munich kuna chama kizima cha wananchi wanaopinga umiminaji wa udanganyifu. Wajerumani! Wanadai tone lao, sisi tunaambiwa povu ni sehemu ya bia.

Mizani ya bucha inakaguliwa, pampu ya mafuta inakaguliwa. Anayefanya kazi Wakala wa Vipimo humu ndani atuambie, magi ya bia nayo inahitaji muhuri au kila mtu anachonga nusu lita yake?

NYONGEZA 2: Wanaoniuliza baa ni ipi kwa ujumbe binafsi (PM), acheni, sijibu. Ila Jumamosi hii nataka kwenda nyingine tatu zenye drafti, Sinza hadi Kijitonyama, na ile chupa ya lita moja na nusu nimeiosha, iko kwenye begi. Mzee naye kasema anakuja. Atabeba Safari yake ya moto kutoka nyumbani.