Nasari ya kaunti inafunga saa sita, mimi natoka kazini saa kumi na moja. Kuna msaada wowote wa serikali?

Mama Nasra, Maweni

Assalaam aleikum. Nina swali, na naomba msinitume kwa chifu kwa sababu nimeshaenda mara mbili.

Nafanya kazi ya vyumba kwenye hoteli huko Casuarina, hapa Malindi. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Nasra alitimiza miaka minne mwezi wa kumi na mbili, Januari nikamwingiza PP1, mwaka wa kwanza wa nasari, ya kaunti hapa karibu. Karo hakuna, kweli. Nilitoa pesa ya uji, nikanunua sare na kikombe, basi. Nikasema alhamdulillahi, nimepumua, maana kabla ya hapo nilikuwa nampa mama wa dei kea shilingi 100 kila siku na chakula nafungasha mwenyewe.

Sikupumua hata wiki. Nasari inafunga saa sita! Saa sita mimi niko na shuka za watu mkononi, nusu ya vyumba bado. Ikabidi yule mama wa dei kea awe anamfuata shuleni na kukaa naye mpaka nitoke. Bei ni ileile 100. Anasema mtoto wa asubuhi si kazi, kazi ni huyu anayeamka saa nane akilia mamake. Nimebishana naye nikashindwa. Weka na pikipiki ya kumchukua, 30. Kwa hiyo nasari ya bure imenizidishia gharama, na bado sijielewi nilikosea wapi.

Sasa dadangu yuko Torino, Italia. Juzi ananitumia sauti kwa WhatsApp, serikali ya huko inamrudishia pesa ya nasari ya mwanawe. Akaniuliza, "Kwani nyinyi huko hamna?" Nikakosa jibu. Ndilo swali langu kwenu: basari, Inua Jamii (zile pesa za serikali kwa wasiojiweza), chochote kile cha mtoto ambaye hajafika darasa la kwanza, kipo?

(Hoteli ikifunga msimu wa kusi nakaa nyumbani na mtoto kutwa, pesa sina. Msimu ukirudi pesa ipo, mtoto simwoni ila amelala.)

Mwalimu wa Ganda

Wa aleikum salaam mamangu. Nafundisha nasari mwaka wa kumi na moja huu, nitakwambia ninayoyajua.

Katiba ya 2010, jedwali la nne, nasari na vituo vya kulelea watoto vyote viliwekwa mikononi mwa kaunti. Ile pesa ambayo serikali kuu hutuma kwa kila mwanafunzi, tangu shule ya msingi ilipofanywa bure 2003, inaanzia darasa la kwanza. PP1 na PP2 hawamo. Basi msaada wako ni huo ulionao: darasa, na mwalimu anayelipwa na kaunti. Mkononi hupewi kitu. Fomu za basari nilizozijaza na wazazi zote zilikuwa za sekondari na vyuo, usipoteze siku ya kazi kwa foleni.

Na kufunga saa sita si uvivu wetu, wallahi. Uji wa saa nne ukishashuka tumboni, mtoto wa miaka minne hana tena la kusikiliza. Chakula cha mchana hatuna, mikeka ya kulalia hatuna. Nairobi tangu 2023 wanapikia shule za msingi na nasari, mzazi anatoa shilingi 5 kwa sahani. Mtoto akila anaweza kubaki. Hapo ndipo pa kushika, chakula kiingie kwenye bajeti ya kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi. Mimi huhudhuria. Ni barabara na visima, barabara na visima. Kikao chenyewe ni saa nne asubuhi siku ya kazi, sasa wewe wa shuka utafikaje kusema nasari inafunga saa sita?

Binti Malindi (Italia)

Da, dadako amekupa nusu ya hadithi. Pesa hiyo inaitwa bonus nido, inatoka INPS, shirika la hifadhi ya jamii la huku, na ni ya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nasra asingeipata hata mngekuwa huku. Unalipa kwanza, unatunza risiti, unaziweka kwenye tovuti yao, unangoja. Kiasi kinafuata karatasi ya ISEE, inayopima kipato na mali ya nyumba nzima. Wenye kipato kidogo hurudishiwa hadi yuro 3,000 kwa mwaka, na watoto waliozaliwa kuanzia 2024 imefika 3,600. Mimi mwaka wa kwanza sikuwa na ISEE, nikapewa kile kiwango cha chini kabisa, 1,500. Nililia.

Akitimiza mitatu anaingia shule ya watoto ya serikali. Karo hakuna, chakula unalipia kulingana na kipato. Ila wangu anakaa mpaka saa kumi jioni, ameshakula, ameshalala. Ukiniuliza mimi, zile yuro nilizitumia zikaisha, lakini bila ya hiyo saa kumi nisingeajiriwa popote.

Ami wa Langoni

Sisi hapa Amu (Lamu) serikali yetu ni bibi. Asubuhi nasari, adhuhuri kwa bibi, alasiri chuoni kusoma Kurani, magharibi mtoto yuko hoi. Mpaka yeo sijaona fomu ya kujaza. Wewe mamako yuko wapi?

Mama Nasra

Ami, mamangu yuko Mambrui na goti halimruhusu hata kwenda dukani. Na huyu mjukuu wake mbio zake huzijui.

Jirani wa Muyeye

Dada, Inua Jamii ni ya makundi matatu: wazee wa miaka 70 kwenda juu, watu wenye ulemavu mkubwa, na mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Ni 2,000 kwa mwezi. Mtoto mwenye mama mwenye kazi hahesabiwi, hata kazi yenyewe ikiwa ya msimu. Lakini umemtaja mamako. Amefika 70? Kama amefika mwandikishe huyo. Na mtu akikuomba hela ya fomu, ondoka.

Mwalimu wa Ganda

Jirani amenikumbusha. Zipo pia nasari za madrasa, ule mpango ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, zinaendeshwa na jamii yenyewe. Karo ipo, ila nyingine ni ndogo. Uliza msikiti wa karibu kama wanao watoto wa mchana.

Mama Nasra

Ahsanteni, nimefaidika kuliko kwa chifu.

Mamangu kitambulisho kinasema 71. Yeye anasema 68 na kwamba karani alikosea. Nimemwambia mwaka huu karani hakukosea.

Kazini tuko wanne wenye watoto PP1, sikuwa nikijua mpaka jana nilipouliza tukikunja mashuka. Tumemwendea yule mama wa dei kea: watoto wanne, mchana tu, 60 kila mmoja, na pikipiki moja iwabebe... hapana, si wanne kwa pikipiki, tuktuk. Amesema 70 na chakula tupeleke wenyewe. Tunamwacha alale nalo.

Kuhusu kikao, tangazo nimeliona limebandikwa, ni Jumanne saa nne. Jumanne ni zamu yangu. Mwenzangu amekubali kunishikia, ila anataka nimfanyie Ijumaa mbili. Mwalimu, nikija utakuwa umekaa upande gani?