Tupeane uzoefu: vipimo vilivyotutisha na bei zilizoturudisha mlangoni

Mama wa Kisauni (mwenye mada):
Asalaam alaykum jamani, na nyote habari za saa hizi. Naomba tusemezane bila kufichana. Kila siku twaambiwa tukapime tungali wazima, lakini hakuna anayetwambia kipimo chenyewe kinauma vipi wala kitakula pesa ngapi. Tukifika twashtuka, tukishtuka haturudi. Mwenye lake alilete. Naanza mimi.

Miaka mitano nyuma nilikwenda kliniki ya binafsi hapa mjini Mombasa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Dirishani nikalipa 2,500, na 1,000 ya kumwona daktari ambayo nilipopiga simu hawakuitaja. Nikaambiwa nivue nguo ya chini nipande kitandani, basi. Pazia halikufika ukutani, nasikia viatu vya watu wakipita ukumbini. Kile chuma cha kufungulia njia ya uzazi kilikuwa baridi kama kimetoka kwenye friji, na sikuambiwa kama ndiyo kinaingia. Nikabana. Sista akasema, "Wewe si umeshazaa? Wabana nini?" Nikashuka, nikavaa buibui langu nikatoka. Kipimo hakikuchukuliwa na pesa hazikurudi. Nililia ndani ya tuktuk mpaka Kongowea, na kwa miaka minne sikutaka hata kusikia habari za kipimo hicho.

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu na mtoto wake wa kuchanjwa, kituo cha afya cha serikali. Sista wa pale akaniuliza kama nimeshapima. Nikamweleza yote yaliyonifika. Akavuta droo, akatoa chombo chenyewe, hiki cha plastiki, kama mdomo wa bata, akanitia mkononi. "Kifungue. Kifunge." Nikafanya hivyo mara mbili tatu mpaka mkono ukakizoea. Nilipopanda kitandani, kila hatua aliitaja kabla hajaifanya: sasa naweka, sasa nafungua, sasa napaka siki, itakuchoma kidogo, tungoje dakika moja. Siki hiyo huzimuliwa kwa kipimo chake, na sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Mimi nilionekana na doa. Akanitibu siku ile ile kwa kifaa cha joto, hata dakika haikutimia, uchungu kama wa hedhi. Akanionya kwamba maji yatanitoka wiki kadhaa na nikae mbali na mume mpaka nipone. Yalitoka wiki tatu, sikuogopa kwa sababu nilijua yanakuja. Sikutoa hata shilingi.

Ile miaka minne ndiyo inayonikosesha usingizi. Virusi vya HPV, ndivyo viletavyo saratani hii, huchukua miaka mingi kuifikisha seli kwenye saratani, na kwa rehema za Mungu mimi niliwahi. Neno moja la sista wa kwanza lilikaribia kunifungia mlango kabisa.

Dereva wa Changamwe:
Dada yangu, pole sana. Mimi ni kamera ya utumbo, ile ya kupitia njia ya haja kubwa. Kaka yangu alifariki kwa saratani ya utumbo, daktari wake akatwambia sisi tuliobaki tusingoje dalili.

Kipimo chenyewe sikukisikia, nilidungwa sindano ya usingizi. Tabu ilikuwa usiku wa kabla. Wapewa dawa ya unga, wachanganya na maji lita kadhaa, wanywa glasi baada ya glasi mpaka unachotoa kiwe maji matupu. Sasa mimi nakaa nyumba ya vyumba sita, choo kimoja uani. Saa nane ya usiku nimesimama mlangoni na taulo, ndani yumo mtoto wa jirani, nami siwezi kungoja. Sitaki kusema yaliyofuata. Anayekwenda kufanya kipimo hiki na anaishi kama mimi, alale kwa ndugu mwenye choo chake, na majirani wajue mapema. Nililiona neno "matayarisho" kwenye karatasi waliyonipa, hakuna aliyeniketisha akanifafanulia.

Pesa: niliambiwa 35,000. Nikazipata, nusu kwa mkopo wa chama. Nilipoamka naambiwa vimeonekana vinyama viwili, vimekatwa, sasa maabara wataka 9,000 zaidi. Sikuwa nazo. Mke wangu alivua bangili yake ya harusi akaenda nayo kwa sonara. Majibu: si saratani, ila ni aina ambayo ikiachwa yaweza kugeuka. Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Baada ya ile sindano huruhusiwi kushika usukani siku nzima, ukijumlisha siku ya kunywa dawa na ya kupumzika, safari yangu ya Malaba ikapewa mwenzangu.

Ningerudi nyuma ningefanya tena. Lakini ningeuliza mapema: mkikuta kitu, bei inakuwa ngapi?

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale:
Wanangu, mimi ni mamogramu tu, ile picha ya titi ya kutafuta saratani. Titi labanwa baina ya sahani mbili mpaka pumzi yakata, lakini ni sekunde chache. Kama bado mwapata hedhi, nendeni wiki ile baada ya kumaliza, siku hizo titi halina maumivu mengi. Na msijipake poda wala marashi kwapani asubuhi hiyo, yaweza kuonekana kwenye picha kama ugonjwa. Mimi nilirudishwa nikaoge.

Kijana wa Majengo:
Kwa heshima zote, mimi nafanya mjengo, siku nisipoitwa sili. Nitatoa wapi pesa ya kutafuta ugonjwa nisiouhisi? Babangu alikuwa akisema ukimtafuta nyoka utamkuta.

Mama wa Kisauni:
Mdogo wangu, sikulaumu hata kidogo. Njaa ya leo ina haki yake. Ila nyoka akiwamo ndani, yumo hata usipomtafuta. Anza na visivyo na bei: presha dakika mbili, sukari tone la damu la kidole. Na wewe sista uliyemo humu, tusaidie hapa kwenye SHA, hii bima ya afya ya serikali.

Sista wa zamu:
Nipo. SHA ilishika nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024. Kujiandikisha ni bure, na aliyejiandikisha anahudumiwa zahanati na vituo vya afya, level 2 na 3, hata kama hajalipa mchango. Hospitali kubwa ndiko mchango unakotakiwa: asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hivyo kijana wetu, jiandikishe kwanza, halafu uanzie zahanati ya karibu, usianzie kliniki ya mjini.

Kuhusu kile chombo cha mdomo wa bata, dada zangu, kina saizi. Omba kile kilicho kidogo. Omba mhudumu mwanamke, beba leso yako ujifunike, na ukisema "simama" tunatakiwa kusimama. Aliyekwambia "si umeshazaa" alikukosea, nami naona haya kwa niaba ya kazi yetu.

Mama wa mapacha, Mikindani:
Langu ni fupi. Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 hutolewa bure na serikali tangu 2019. Mamake jirani alinambia itawafunga kizazi wanangu. Niliuliza, nikaelezwa, nikawapeleka. Mkono ulivimba siku mbili, mmoja akalia, mwengine akataka keki. Labda wao hawatapanda kile kitanda kwa hofu niliyonayo mimi.

Wa Mtongwe:
Nimesoma kutoka juu mpaka hapa. Nina miaka 41, watoto wanne, sijapimwa hata mara moja. Nilifika mpaka geti mwezi wa Ramadhani uliopita nikageuza. Sina mtu wa kwenda naye.

Mama wa Kisauni:
Unaye. Jumanne saa mbili asubuhi vuka feri, mimi nitakuwa upande huu pale wanaposhukia watu wa miguu, nimevaa mtandio wa kijani. Njoo na leso yako. Nitaketi nawe chumbani mpaka umalize, na wakikuuliza mimi ni nani, sema ni dadako.