Mrejesho: mtoto mwenye baka la bluu na matiti yaliyovimba

Jamani, niliuliza kuhusu binti yangu mchanga: baka la bluu makalioni, na vimatiti vimevimba, tena vinatoa maziwa. Tumetoka kliniki hapa Ngamiani, Tanga. Nesi alimvua nguo zote, akalibonyeza baka kwa kidole. Mtoto wala hakushtuka. Kumbe si jeraha, ni rangi ya ngozi tu, watoto wetu wengi huzaliwa nayo na hufifia yenyewe miaka ya mwanzo. Matiti ni homoni za mama, yatanywea. Ila bibi yake aliyetaka kuyakamua (anajijua!) amekatazwa katakata, maana kukamua huleta jipu. Cha kukimbiza hospitali ni njano inayofika viganjani na nyayoni, kitovu chenye usaha, au mtoto kugoma kunyonya. Asanteni mlionihimiza niende.