Tupeane uzoefu: ulikwenda kuangalia hizi shoo za muziki zisizoisha za London na New York, yalikukuta yapi?

NyotaYaAsubuhi
Wakuu, mwezi ujao Mungu akijaalia nampeleka mama London, na ombi lake ni moja tu: The Lion King, ile ya jukwaani pale Lyceum. Mimi mara ya mwisho kuingia kwenye kumbi hizi nilikata siti ya bei ya chini nikajiona mjanja. Tiketi ilikuwa na herufi ndogondogo kwamba siti ina kizuizi. Nikajisemea kizuizi gani, si kichwa cha mtu tu. Nguzo! Nguzo ya chuma imepakwa rangi ya dhahabu, nikaikodolea macho saa mbili na nusu. Mwigizaji anaingilia kushoto kwa nguzo, anatokea kulia ameshabadilisha nguo. Sitaki mama yamkute hayo. Waliokwenda tiririkeni: siti, muda, usafiri, chochote.

Kigoda
Nguzo hiyo naifahamu. Ukirudi nisalimie.

Chumvi ya Mawe
Dada, kwa Lion King usiogope bei, ogopa kuchelewa. Wimbo wa kwanza ndiyo shoo yenyewe. Wanyama wanapita kwenye vijia katikati ya watu, tembo anakupita hapa ubavuni, kwa hiyo ukichelewa hupiti mpaka wamalize. Mimi nilishukia Covent Garden, stesheni ya treni ya chini ya ardhi, nikakuta foleni ya lifti, kiherehere kikanituma nipande ngazi. Pameandikwa kabisa kwamba ngazi ni 193, kama jengo la ghorofa 15. Nikasoma kama watu wanavyosoma masharti ya mkopo. Ngazi ya sabini nimevua koti. Ya mia na kitu, mzee mmoja mwenye mwavuli kanipita na kuniambia pole. Nilifika naona nyota, tembo nikamtazama kwenye kiluninga cha pale nje ya mlango, mdogo kama panya. Shukeni Charing Cross mtembee.

Pwaguzi
Charing Cross kwa mtu mzima ni mbali. Achukue teksi.

Chumvi ya Mawe
Dakika kumi hazifiki.

Pwaguzi
Dakika kumi za magoti ya nani?

Bwana Tarishi
Mama atafurahi sana, ule wimbo wa mwanzo ni Kiswahili kitupu.

Kigoda
Kizulu, mkuu. Aliyeutia ile sauti ni Lebo M, mtu wa Soweto.

Bwana Tarishi
Na Simba je? Rafiki? Pumbaa? Kizulu hicho?

Shangazi Kombo
Majina Kiswahili, wimbo Kizulu, mmeshinda wote, kaeni. Mimi lilipotajwa jina la yule fisi, Shenzi, nilicheka peke yangu ukumbi mzima. Jirani yangu Mzungu akaniangalia kama nimemtukana bibi yake. Ningemwelezaje?

Mtaalamu wa Foleni
Tuongee tiketi. Kibanda cha TKTS, kile cha tiketi za punguzo, cha London kimesimama ndani ya bustani ya Leicester Square. Vile vioski vya pembeni vilivyoandika NUSU BEI kwa herufi za kutisha si chenyewe. New York kiko chini ya zile ngazi nyekundu za Times Square, mtaa wa 47. Wanauza zilizobaki kwa punguzo, ila shoo inayotakiwa na kila mtu ni mara chache uikute pale, tena siku ambayo wewe hujajiandaa. Kwa mama kata mapema. Siti za chini, karibu na kijia, lakini si mistari ya nyuma kabisa, maana balkoni inakukalia kichwani na kukata juu ya jukwaa. Na kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3, Lyceum haingii hata umfiche kwenye kanga.

Shangazi Kombo
Nakupinga. Balkoni, mstari wa mbele. Wale swala wakikimbia, ukiwa juu ndiyo unaona wamepangwaje. Chini unaona visigino.

Mtaalamu wa Foleni
Na tembo atapitia balkoni?

Shangazi Kombo
Tembo dakika tano. Shoo saa mbili na nusu.

Pwaguzi
Mkikosa kabisa nendeni Phantom of the Opera.

Kigoda
Ilishafungwa hiyo. Acha kupotosha watu.

Pwaguzi
Iliyofungwa ni ya New York, pale Majestic, tarehe 16 Aprili 2023, baada ya maonyesho 13,981. Ya London ipo tangu 1986, ukitoa kipindi cha korona. Jengo liliitwa Her Majesty's, malkia alipofariki likageuzwa His Majesty's. Nyingine?

Kigoda
Hakuna, profesa.

Pwaguzi
Nilikaa usawa wa ile taa kubwa ya vioo. Najua itashuka mwisho wa sehemu ya kwanza, nimesoma, nimeambiwa, nimejiandaa. Iliposhuka nilimkumbatia mama wa watu nisiyemjua. Akanipa pipi.

Mtulivu
Mleta mada, hapo kwenye "saa mbili na nusu" umenitonesha kidonda. Ngoja niitoe tu.

Mama mkwe alikuja kututembelea. Ndoa ina mwaka mmoja, bado natafuta pa kujipendekezea. Mke wangu yuko kazini siku hiyo, nikakata tiketi mbili, mimi na mama, Jumatano. Shoo siitaji. Tiketi imeandikwa 2.30 pm. Nimekaa huko miaka mingi, kichwa kimezoea kusoma namba ilivyo. Nikampigia simu: "Mama, ni mbili na nusu, tukutane mlangoni." Akaitika vizuri kabisa: "Mbili na nusu. Haya baba." Tiketi yake nilishampa mkononi tangu Jumapili, kaikunja mara nne, kaitia kwenye pochi ya ndani ya mkoba, kaufunga zipu.

Saa nane na robo mchana nipo mlangoni, shati limepigwa pasi kola inakata. Na ishirini, hayupo. Napiga simu, haipokelewi. Watu wanaingia, wazee na wajukuu zao, wanafunzi wa shule wamepangwa wawili wawili. Kengele inalia. Napiga tena. Nje pale nimebaki mimi na njiwa. Kumbe mwenzenu amelala, anapumzika mchana ili usiku asisinzie mbele ya mkwewe, simu iko jikoni inachajiwa. Kengele ya mwisho. Kijana wa mlangoni akaniuliza kwa upole, bwana, unaingia au huingii?

Kigoda
Halafu?

Chumvi ya Mawe
Mkuu usituache njia panda.

NyotaYaAsubuhi
Jamani ULIINGIA?

Shangazi Kombo
Kama aliingia sitaki kumjua.

Bwana Tarishi
Aingie tu, tiketi hairudishiwi hela. Mama mkwe ana makosa pia, kwa nini hakuuliza?

Shangazi Kombo
Aulize nini? Mbili na nusu ni mbili na nusu! Kiswahili hicho ambacho wewe unakiona hadi kwenye Kizulu.

Bwana Tarishi
Usinivunjie heshima, shangazi.

Mtaalamu wa Foleni
Wakati tunamsubiri: mchana huwa wanacheza sana Jumatano na Jumamosi, na baadhi Jumapili. Broadway, yaani kumbi za New York, wengi wanapumzika Jumatatu, London wengi Jumapili. Angalieni siku kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Kigoda
Hakuna anayesoma hiyo sasa hivi.

Mtulivu
Samahanini, nilikuwa zamu.

Niliingia.

Nilijiambia naenda kumshikia siti. Mapumziko nikanunua aiskrimu mbili, zile za kikopo ambazo kijiko kimefichwa kwenye kifuniko, yake nikaiweka kwenye siti yake ikayeyuka mpaka mwisho. Natoka, nawasha simu, mke wangu anauliza: "Mama anasema avae kitenge au gauni, usiku kutakuwa na baridi?" Ndipo nikaelewa. Miguu ilikufa ganzi.

Nikageuka palepale hadi dirishani. Usiku wanarudia saa moja na nusu. Nikanunua tiketi mbili zilizobaki, za bei ya kutubu dhambi. Nikampigia mama, nikamwambia wamerudisha muda nyuma kidogo, awahi. Amefika na kitenge kipya na hereni za dhahabu ambazo sijawahi kumwona nazo hata harusini kwetu. Akafungua zipu atoe tiketi, nikamwahi: "Nipe nikutunzie, mama." Tukaingia.

Sasa mimi ni mtu wa kucheka. Sehemu za kuchekesha nikawa nacheka mapema. Siyo sana, nusu sekunde hivi. Wimbo haujaanza, mguu wangu umeshaanza kupiga. Mama akaniinamia pale gizani, taratibu kabisa: "Baba, mbona unacheka kabla hawajasema?"

Chumvi ya Mawe
NIMEANGUKA.

Pwaguzi
Hapo mimi ningetafuta ile taa inishukie.

NyotaYaAsubuhi
Ukamjibu nini?

Mtulivu
Nikamwambia nimeisoma hadithi. Mapumziko nikaleta aiskrimu. Akahangaika na kijiko, mimi nikakitoa kwenye kifuniko bila hata kuangalia. Akanitazama, akala, hakusema kitu. Mpaka leo sijamwambia na hajaniuliza. Ila tukipanga safari yoyote, hata ya sokoni, anauliza: "Saa za kwenu au saa za kwetu?"

Shangazi Kombo
Nimekusamehe. Ulirudi dirishani.

Kigoda
Mimi sijamsamehe. Aliingia.

Mtaalamu wa Foleni
Mleta mada, umeamua chini au juu?

NyotaYaAsubuhi
Chini, kijiani. Mchana, saa nane na nusu, nimemwandikia mama kwa maneno kwenye karatasi. Charing Cross kwa teksi.

Chumvi ya Mawe
Ukipanda teksi Charing Cross ya nini tena? Si ikupeleke mlangoni!

Pwaguzi
Nilisema teksi tangu mwanzo.

Bwana Tarishi
Na ule wimbo, msikilize vizuri, kuna Kiswahili mle ndani.