Mtaro wa soko unafurika kila masika: tuupanue?

Mkaguzi Masoko
Wakuu, habari. Nazungumzia soko la manispaa, mji wa pwani. Paa la bati la mita za mraba 1,500 linamwaga maji kwenye mtaro mmoja wa zege: upana sm 30, kina sm 30, urefu mita 80 hadi mfereji wa barabarani. Mvua ikikaza nusu saa, maji yanafika kwenye vizimba vya samaki. Pendekezo lililopo ni kubomoa na kujenga wa sm 60. Mnaonaje?

Fundi Mitaro
Msibomoe kabla ya kupiga hesabu. Mvua ya mm 60 kwa saa juu ya paa hilo ni lita 25 kwa sekunde. Mtaro wenu ukiteremka sm 1 kila mita, maji yakifika kina cha sm 20 tu unapitisha zaidi ya lita 70 kwa sekunde. Hata ukijumlisha maji ya uwanjani, upana si tatizo.

Anzeni mwisho wa mtaro. Mvua ikinyesha, tazameni pale unapoingia barabarani: mfereji wa nje ukiwa umejaa na kurudisha maji, kazi yoyote ya ndani ni hasara. Kama uko sawa, pimeni sakafu ya mtaro kila mita 5 kwa mpira mwangavu uliojazwa maji: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, ndiyo yanawaonyesha mteremko. Kwa mita 80 mnahitaji kushuka sm 80. Ikiwa ni sm 15 tu, maji yanatambaa, mchanga unatua, na kina kinaliwa kidogo kidogo. Mtaro mpana hapo unaharibu zaidi, maana maji machache ya kila siku yanatandaa na kuacha tope. Sakafu ya mviringo, si bapa, inayabana yaende kasi.

Afisa Afya
Naongezea la taka, maana mchanga peke yake hauzibi hivyo. Jengeni chemba ya kunasa mchanga kabla ya mtaro kutoka sokoni: sm 60 kwa 60, sakafu yake sm 40 chini ya ile ya mtaro. Mbele yake wekeni wavu wa nondo za mm 10, nafasi sm 3, uliolala kama nyuzi 45. Ukisimama wima, mifuko inauziba mara moja. Ukilala, taka zinapanda na reki inazivuta.

Maji ya samaki yasiingie mtaro wa mvua kabisa. Yapewe bomba lake na chujio la magamba, kisha karo la maji machafu. Guba la taka, yaani pale zinapokusanywa, nalo likae kwenye sakafu yenye ukingo wa sm 15, mbali na mtaro.

Mkaguzi Masoko
Mifuniko ya mtaro ilimwagwa zege moja kwa moja, haifunguki, na juu yake kuna meza za wafanyabiashara.

Fundi Mitaro
Basi jibu mmelipata. Mtaro usiofunguka hausafishwi. Kateni, mtengeneze vipande vya sm 50 kwa 50, unene sm 7.5: kimoja ni kilo 45 hivi, watu wawili wanakiinua kwa vishikio vya nondo. Visipitiwe na magari. Meza zihamishwe kwa makubaliano na uongozi wa soko kabla ya kukata, kila mtu akijua anakwenda wapi, la sivyo zitarudi wiki hiyohiyo.

Zoeni tope Februari na Septemba, kabla ya masika na vuli, na liondoke siku hiyohiyo. Likirundikwa pembeni, mvua ya kwanza inalirudisha.

Afisa Afya
Na paa hilo msilipoteze. Mvua ya mm 20 inaweza kuwapa lita 24,000 hivi za kuoshea vizimba. Jengo la soko la Kariakoo, Dar es Salaam, la msanifu majengo Beda Amuli, miaka ya 1970, lilibuniwa hivyo: paa linakusanya mvua na kuishusha kwenye matangi ya chini ya ardhi. Wekeni matangi mawili ya lita 10,000, na kwanza mmwage maji ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Si ya kunywa.